Kipaza Sauti Kando ya Jeneza: Uchambuzi wa Maziko ya David Kato

Ijumaa ya tarehe 28 Januari 2011, katika kijiji cha Nakawala wilayani Mukono, mashariki mwa Kampala, mchungaji wa Kanglikana alisimama mbele ya jeneza akiwa na kipaza sauti mkononi. Jeneza lilikuwa la David Kato Kisule, mwalimu na mtetezi wa haki za mashoga nchini Uganda, aliyeuawa nyumbani kwake siku mbili kabla. Mbele ya mchungaji walikuwa wameketi mama wa marehemu, ndugu, wanakijiji, wageni kutoka balozi za nje, waandishi wa habari, na marafiki wa Kato waliokuja kutoka mjini wakiwa wamevaa fulana zenye picha yake. Badala ya kuwafariji wafiwa, mchungaji aliihubiri Sodoma na Gomora, akawataka waliokuja kumlilia marehemu watubu, akasema kwamba hata wanyama wanamjua dume na jike. Rafiki mmoja wa marehemu akasimama, akamnyang'anya kipaza sauti. Purukushani ikaanza, wanakijiji wengi wakashika upande wa mchungaji, na mwishowe wakakataa kumteremsha marehemu kaburini. Marafiki zake walilibeba jeneza wenyewe.

Kisa hiki kimeandikwa mara nyingi kama kisa cha haki za binadamu, na ni sawa kukiandika hivyo. Mimi nataka kukitazama kwa upande ambao umepewa nafasi ndogo, yaani kama kisa cha msiba. Kulikuwa na mfiwa pale, na watu wawili waliokuwa na wajibu kwake kabla ya wajibu mwingine wowote: aliyekuja kuhubiri na aliyekuja kuandika habari. Naandika nikiwa mlei wa Kanglikana tangu ubatizo wangu, na pia mtu ambaye kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kuhariri habari za watu wengine, kwa hiyo lawama nitakazozitaja hapa zinazihusu nyumba mbili ninazozijua kwa ndani.

Tuanze na jina lake, kwa sababu jina lenyewe linaeleza nani alikuwa amefiwa. Kwa Waganda, yaani watu wa Buganda, mapacha wa kiume hawachaguliwi majina: wa kwanza kuzaliwa ni Wasswa, wa pili ni Kato. Mama yao huitwa Nalongo na baba yao Ssalongo, na hizo ni heshima wanazobaki nazo maisha yao yote. Kila mtu wa Nakawala aliyemwita marehemu Kato alikuwa anataja, bila hata kukusudia, kwamba yupo pacha mwenzake na yupo Nalongo aliyewazaa. Alisoma King's College Budo, shule iliyoanzishwa na wamisionari wa Kanglikana mwaka 1906, akaendelea Kyambogo, akawa mwalimu. Aliishi Afrika Kusini kwa miaka kadhaa, akarejea nyumbani mwaka 1998 akiwa ameona nchi ambayo katiba yake inamlinda mtu kama yeye, na tangu hapo hakukubali tena kujificha. Kanisa ambalo mchungaji wake alisimama mbele ya jeneza ndilo lililoanzisha shule aliyosoma. Hakuwa mgeni kwao.

Sasa turudi nyuma miezi minne. Mnamo Oktoba 2010 gazeti dogo la udaku la Kampala, lililokuwa na miezi michache tu tangu lianzishwe, na ambalo lilijiita Rolling Stone bila uhusiano wowote na jarida la Marekani lenye jina hilo, lilichapisha habari ya kudai kufichua picha 100 za watu liliowaita vinara wa ushoga nchini. Picha ya Kato ilikuwa ukurasa wa mbele. Juu ya ukurasa huo kulikuwa na maneno mawili ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili yanatosha kuandikwa kwa neno moja: Wanyongwe. Ndani yalikuwemo majina ya watu na maeneo wanakoishi. Ikumbukwe kwamba mwaka mmoja kabla, Oktoba 2009, mbunge David Bahati alikuwa amewasilisha bungeni muswada uliopendekeza adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa ya mapenzi ya jinsia moja, hivyo neno lile halikuanguka mahali pakavu.

Kato, pamoja na wanaharakati wenzake Kasha Jacqueline na Onziema Patience, walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 30 Desemba 2010 Jaji Vincent Kibuuka Musoke alitoa uamuzi ambao kila mhariri wa Afrika Mashariki angepaswa kuusoma walau mara moja. Jaji alieleza kwamba shauri lililokuwa mbele yake halikuhusu ushoga wenyewe. Lilihusu utu wa mtu, unaolindwa na ibara ya 24 ya Katiba ya Uganda, na faragha ya mtu na nyumba yake, inayolindwa na ibara ya 27. Kuwaita watu wanyongwe kunatishia utu wao. Kuchapisha nyuso zao na wanakoishi kunavunja faragha yao. Alieleza pia kwamba sheria ya jinai ya nchi ile inaadhibu tendo lililothibitishwa, na kwamba mtu hawi mhalifu kwa sababu tu ya jinsi alivyo. Gazeti likawekewa zuio la kudumu, na kila mlalamikaji akapewa fidia ya shilingi 1,500,000 za Uganda.

Siku 27 baadaye Kato aliuawa.

Hapa ndipo mwandishi wa habari anapoanza kupimwa, na hapa ndipo wengi waliteleza kwa haraka. Vyombo vingi vya nje vilizisimulia habari hizi mbili, ya gazeti na ya kifo, kama sababu na matokeo. Polisi walizungumzia wizi kwanza, kisha ugomvi binafsi, na walifanya hivyo mapema mno kiasi cha kuonekana wanaharakisha kulifunga jambo. Mnamo Novemba 2011 mahakama ilimhukumu kijana mmoja kifungo cha miaka 30 kwa mauaji hayo, na hukumu hiyo haikumfikisha kizimbani mhariri wala mhubiri yeyote. Mwandishi mwadilifu lazima aiseme kweli hiyo hata kama inaharibu mpangilio wa simulizi yake. Lakini ipo kweli ya pili, ambayo hukumu haikuigusa wala haikuitwa iiguse: kwamba mtu huyu aliishi wiki zake za mwisho akijua uso wake umechapishwa chini ya neno la kumnyonga. Hofu ile ilikuwa halisi bila kujali nani alishika nyundo iliyomuua. Ningependa kuona sentensi mbili zikiandikwa kwa mfuatano, moja ya hukumu na moja ya hofu, bila kulazimisha neno "kwa sababu" katikati yake. Mhariri wa gazeti lile, Giles Muhame, alipoulizwa na waandishi baada ya kifo, alijitetea kwamba walichokitaka wao ni watu kunyongwa kwa mkondo wa sheria, wala hawakuwa wamewaita watu wauane. Ni utetezi unaomsahau msomaji, kwa maana aliyenunua gazeti barabarani hakuuona mkondo wa sheria popote kwenye ukurasa wa mbele. Aliona picha na amri.

Narudi kaburini, kwa kuwa ndiko kisa kilipo.

Wapo watu ninaowaheshimu wanaosema mchungaji yule hakuwa na njia nyingine. Kanisa lake linafundisha kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Wageni walikuja na fulana zenye rangi za upinde wa mvua. Kukaa kimya kungesomeka kama kukubali. Zaidi ya hapo, husema, msibani huja watu ambao kanisani hawaonekani mwaka mzima, na mhubiri asipowaambia neno siku hiyo atawaambia lini? Hoja hii si ya kuitupa kando. Tumekulia nayo. Kwetu mahubiri ya maziko ni marefu kuliko ya Jumapili, na familia nyingi huyataka yawe hivyo.

Hata hivyo Uanglikana una kitabu, na kitabu hicho kina jambo la kusema hapa. Ibada ya maziko katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho ndicho mzizi wa vitabu vingi vya sala vya Kanglikana, inaanza na agizo kali kwa mchungaji: ibada hii isisomwe kwa aliyekufa bila ubatizo, wala kwa aliyetengwa na Kanisa, wala kwa aliyejiua. Ni agizo gumu na mengi yanaweza kusemwa juu ya ugumu wake, lakini lina uwazi mmoja mkubwa. Uamuzi wa kama marehemu ni wa kuzikwa na Kanisa unafanywa kabla ya kufika kaburini. Mchungaji akishakubali kuja, suala limekwisha. Kuanzia hapo anasoma zaburi ya 39 au ya 90, anasoma sura ya 15 ya Wakorintho wa Kwanza, na udongo ukitupwa juu ya jeneza anasema udongo kwa udongo, majivu kwa majivu, mavumbi kwa mavumbi, katika tumaini la hakika la ufufuo. Ibada ile ya 1662 haina hata nafasi ya mahubiri. Sidai kwamba kila parokia ya Uganda hufuata kitabu hicho neno kwa neno, wala kwamba mahubiri msibani ni kosa. Ninachosema ni kwamba mababa wa ibada hii walijua jinsi kaburi lililo wazi linavyoweza kumpa mtu mwenye maneno nguvu asiyoistahili, wakamfungia maneno yake mapema. Mchungaji wa Nakawala alikubali kuja kuzika, kisha akafanya kazi ya kutenga. Hizo ni kazi mbili, na ya pili haikuwa imeamuliwa na askofu yeyote wala kikao chochote.

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Mara nyingi tunautumia usemi huu kwa jambo ambalo mhusika hana sauti tena ndani yake, na sijui mahali panapoufaa kuliko hapa. Mahubiri yale yalielekezwa kwa mtu asiyeweza kujibu, yakapita juu ya jeneza lake na kuwaangukia waliokuwa na sauti bado. Ndiyo maana mmoja wao alijibu. Baadhi ya habari zilisimulia kunyang'anywa kipaza sauti kama fujo ya wanaharakati. Mimi nauona kama ukelele wa mfiwa ambaye mtu wake anatukanwa kabla hajazikwa. Katika misiba yetu, kama shemeji mlevi angesimama na kumsema marehemu vibaya, wazee wangemshika mkono na kumketisha, na hakuna ambaye angeita hiyo fujo.

Nina sababu ya kulijua jambo hili kwa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulimzika binamu yangu, kijana wa mjini aliyerudishwa kijijini akiwa amedhoofu, katika miaka ile ambayo kila mtu alijua ugonjwa gani unaowarudisha vijana hivyo na hakuna aliyeutaja. Mhubiri wa siku hiyo hakuutaja pia. Alisoma tu kwamba mshahara wa dhambi ni mauti, akanyamaza kidogo, akalitazama jeneza, akausoma mstari tena. Shangazi yangu, mama wa marehemu, alikuwa ameketi mkekani mbele kabisa na miguu ameinyoosha. Alijifunika khanga kichwani mpaka usoni. Kisha akainuka taratibu, akapita katikati ya wanawake, akaenda nyuma ya nyumba walikokuwa wanapika, akakaa juu ya gogo karibu na sufuria la maharage. Alikaa huko mpaka tuliporudi kutoka kuzika. Hakushuhudia mwanawe akiteremshwa kaburini. Miaka mingi imepita, naye tulishamzika, na sijawahi kukutana na mtu aliyeokoka kwa mahubiri yale. Nilichokiona ni mama aliyekosa maziko ya mwanawe kwa sababu ya mstari mmoja uliosomwa mara mbili.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba Kanisa lilihitaji kusema ukweli Nakawala, swali langu ni kwamba Kanisa lenyewe lilikuwa limeahidi nini. Agosti 1998, maaskofu wa Kanglikana kutoka dunia nzima walikutana kwenye Mkutano wa Lambeth, wakapitisha azimio namba 1.10 kwa kura 526 dhidi ya 70, huku 45 wakijizuia kupiga kura. Maaskofu wa Afrika walilipigania azimio hilo na wamelishika kama bendera tangu siku ile, kwa sababu linasema kwamba matendo ya mapenzi ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Ni kweli linasema hivyo. Lakini kifungu hichohicho, bila hata kuweka nukta, kinaendelea kuwataka waumini wote wawahudumie watu wote kichungaji na kwa uangalifu bila kujali mwelekeo wao, na kinalaani hofu isiyo na sababu dhidi ya mashoga. Kifungu kingine cha azimio hilo kinasema kwamba waliobatizwa wakiwa waamini na waaminifu, hata wawe na mwelekeo gani, ni viungo kamili vya Mwili wa Kristo. Februari 2005, maaskofu wakuu walipokutana Dromantine huko Ireland ya Kaskazini, waliandika kwamba kuwanyanyasa au kuwashusha hadhi binadamu ambao mapenzi yao yameelekea kwa watu wa jinsia yao ni jambo la kuchukiza kwao. Hayo hayakuandikwa na makanisa ya Magharibi peke yao. Yalitoka kwa jina la wakuu wote.

Msiba wa Nakawala unaonyesha wapi ahadi hizo zilipoishia. Nusu ya kwanza ya azimio ilishuka kutoka Lambeth mpaka dayosisi, kutoka dayosisi mpaka parokia, kutoka parokia mpaka kinywa cha mchungaji aliyeshika kipaza sauti. Nusu ya pili ilibaki kwenye makaratasi. Hakuna mchungaji anayezaliwa anajua kuhudumia msiba wa namna hii. Lazima mtu amfundishe, na lazima askofu wake amwambie mapema kwamba siku atakapoitwa kwenye jeneza kama hili, hiki ndicho atakachokisema na hiki atakiacha. Simlaumu mchungaji yule peke yake. Alisema alichofundishwa kusema, na wanakijiji waliomuunga mkono walisikia walichozoea kusikia.

Juma lilelile maaskofu wakuu wa Kanglikana walikuwa wanakutana Dublin. Askofu Mkuu wa Canterbury wakati huo, Rowan Williams, alitoa tamko siku ileile ya maziko, akayaeleza mauaji kuwa ya kushtusha mno na kusema kwamba Ushirika wa Kanglikana duniani umelaani daima ukatili wa aina hiyo. Askofu Mkuu wa Uganda, Henry Luke Orombi, hakuwepo Dublin; yeye na wakuu wengine kadhaa walikuwa wamesusia mkutano kwa sababu ya mgogoro na makanisa ya Marekani kuhusu suala hilihili. Hivyo rambirambi ya Kanisa ilitoka mbali, kwa Kiingereza, ikasomwa na watu wa mbali, wakati kijijini neno la Kanisa lililosikika kwa masikio ni lile la kipaza sauti. Tamko la Dublin lilikuwa jema na lilihitajika. Lakini Nalongo hakuwa Dublin.

Lipo suala la sisi waandishi pia, na sitaki kulipita haraka. Habari zilizotoka kwenye maziko yale, karibu zote, zilianza na vurugu. Naelewa kwa nini; vurugu zilitokea na zilikuwa habari. Kosa liko katika kile kilichokuja na habari hizo. Picha za mama akilia zilisambazwa na mashirika ya picha, na picha za marafiki wa marehemu zikaenda pamoja nazo, nyuso zao zikionekana wazi. Tufikirie vizuri. Miezi michache tu kabla, watu hawa walikuwa wameathiriwa na gazeti lililochapisha nyuso, na jaji alikuwa amesema kufanya hivyo ni kuvunja haki yao. Wengine kati yao walikuwa wametokeza hadharani kwa hiari yao miaka mingi, na hao walijua wanachofanya. Lakini msibani huja pia jirani, mwanafunzi wa zamani, mtu aliyefanya kazi naye, kijana ambaye nyumbani kwao hawajui. Picha ya umati wa waombolezaji kwenye jeneza la Kato, katika Uganda ya Januari 2011, ilikuwa inaweza kusomwa kama orodha nyingine. Mpiga picha hakuwa na nia hiyo, na hakuna aliyemwandikia neno la kunyonga juu yake. Hata hivyo kamera haibebi nia ya aliyeishika. Mhariri aliyekuwa mezani alipaswa kuuliza ni nani katika picha hii amekubali kuonekana, na kama hajui, aikate picha au aichague nyingine. Picha ya jeneza mabegani, nyuso zikiwa zimegeuka, ingesimulia yote.

Na lugha yetu ina mzigo wake. Katika Kiswahili cha Pwani, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke. Mwanamke wa Mombasa au Unguja humwita mwenzake shoga yangu kwa upendo mtupu. Magazeti yetu yamelichukua neno hilo na kulifanya karibu tusi, tena mara nyingi hulitanguliza kabla ya jina la mtu, na kabla ya kazi yake, na kabla hata ya kusema kwamba amefariki. Nami nimelitumia humu kwa sababu wasomaji wanalijua na sina lililo bora linaloeleweka na wote. Lakini kuna tofauti kati ya kulitumia mahali linapohitajika na kulitundika kwenye kichwa cha habari juu ya maiti. Kato alikuwa mwalimu. Alikuwa mtoto wa Nalongo. Siku ya kuzikwa kwake, hayo mawili yangetangulia.

Sheria ya nchi ile imeendelea na safari yake tangu wakati huo. Muswada wa 2009 ulipita Desemba 2013 bila adhabu ya kifo, ukasainiwa Februari 2014, ukafutwa na Mahakama ya Katiba Agosti mwaka huohuo kwa sababu bunge halikuwa na akidi. Sheria mpya iliyorudisha adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa ilisainiwa Mei 2023. Haya yanahitaji uchambuzi wake. Nayataja kwa jambo moja tu: wachungaji wa Uganda, na wa nchi zetu jirani, wataendelea kuitwa kwenye majeneza ya namna hii, na waandishi wataendelea kutumwa kuyaandika. Mara hii hawawezi kusema hawakujua linavyokuwa.

Kilichotokea baada ya kipaza sauti kunyang'anywa kimeandikwa kwa mistari michache tu katika habari nyingi, ilhali ndicho ninachokirudia zaidi. Alikuwepo pale Christopher Senyonjo, aliyekuwa Askofu wa Buganda Magharibi mpaka alipostaafu mwaka 1998, mzee wa miaka 79. Baada ya kustaafu alikuwa amefungua huduma ya ushauri. Vijana waliokataliwa na familia zao wakamjia, akawasikiliza, akakataa kuwafukuza, na kwa ajili hiyo Kanisa lake likamnyima haki ya kuhudumu. Kwa kanuni, hakuwa na ruhusa ya kuongoza chochote siku ile. Wenye ruhusa walikuwa wameshasema yao. Wanakijiji walipolikataa jeneza na marafiki wakalibeba wenyewe mpaka shimoni, ni yeye aliyekwenda nao, akawaombea, na ni yeye aliyemsindikiza Kato kwa maneno ya Kanisa.

Kama ningepewa habari ile niihariri, ningeyaacha yote mahali pake, Sodoma, purukushani, fulana, polisi, ila ningeyashusha chini. Juu ningeandika: Nalongo wa Nakawala, wilayani Mukono, jana alimzika Kato, mdogo wa mapacha wake, mwalimu, jeneza lilibebwa na marafiki zake, na sala za maziko ziliongozwa na askofu mstaafu.